Ute wa Kahawa kwenye Gari la Zuhura

Nilimwambia Zuhura kwamba matairi ya ranfleti hayafai barabara zetu. Nilisema hayo mikono ikiwa kiunoni, kwa sauti niliyojifunza kwenye semina za chuo kikuu. Ukweli ni kwamba tairi lake moja nilikuwa nimelichana mwenyewe asubuhi ileile nikihangaika kulivua kwenye rimu, na nilikuwa nimelificha nyuma ya pipa la maji. Aliyelifanya lisivulike ni mimi. Mafundi wenzangu hapa Mbinga wameniuliza mara nyingi, na mara zote nimejibu kuwa lilikuja bovu. Halikuja bovu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya matairi sasa. Mgongo umenistaafisha mapema, nimeacha mashine, na mtu aliyeacha mashine anaweza kusema kweli bila kupoteza mteja. Jambo lenyewe lina faida kwenu pia, maana magari ya namna ya gari la Zuhura yanaongezeka, na wenye nayo watawauliza swali alilouliza yeye: nirudishie ranfleti, au niweke ya kawaida?

Ranfleti, kwa ambaye hajaishika, ni tairi lenye ukuta mnene wa pembeni, mgumu kiasi kwamba hata upepo ukiisha wote gari haliketi chini. Linaendelea kutembea, watengenezaji wengi wanasema kilomita themanini hivi, mradi usikimbize. Ndiyo maana magari mengi yanayokuja nayo hayana tairi la akiba. Ukiinua kifuniko cha nyuma unakuta zulia safi na pembetatu ya tahadhari.

Mimi niliingia kazi hii kwa mlango wa uani. Nilisoma sosholojia, nikarudi nyumbani kusubiri ajira, na wakati nasubiri Mzee Otmari, rafiki wa marehemu baba, akaniomba nimsaidie kupokea wateja kwenye karakana yake karibu na stendi. Nilimwahidi miezi mitatu. Nilikaa miaka ishirini na sita. Barua ya ajira haijafika mpaka leo. Ikija nitaijibu kwa adabu.

Mzee Otmari alikuwa na mapengo mawili mbele, aliyoyapata siku ringi ya gurudumu la lori iliporuka kabla hajamaliza kuifunga. Aliniita Msomi, na si kwa kunisifu. Wiki yangu ya kwanza nilitia tyubu mpya kwenye tairi lililotobolewa na msumari, nikajaza upepo, na mteja akarudi kabla chai yangu haijapoa. Msumari ulikuwa bado umo. Mzee akanifundisha kupitisha kiganja ndani ya kila tairi, polepole, mzunguko mzima, nikiwa nimefumba macho.

"Kwa nini nifumbe?" nilimuuliza.

"Macho yako yanaona unachotaka, Msomi. Kiganja hakijasoma."

Mpaka leo nikishika tairi nafumba macho. Mume wangu anasema ndivyo ninavyofanya hata nikiosha sufuria.

Sasa nifike kwenye ute. Wenyeji mnaufahamu: kahawa mbivu ikishamenywa, punje hutoka na utelezi mtamu unaobanduka kwa kuoshwa tu. Wakati wa mavuno Mzee Otmari alikuwa akipata ndoo ya ute huo kutoka kwa shemeji yake wa Ruanda ya hapa wilayani kwetu, na tulikuwa tukiupaka kwenye midomo ya matairi ili yaingie kwenye rimu bila vita. Ulikuwa wa bure na uliteleza kuliko sabuni ya mche. Lakini alikuwa akiutumia kwenye malori ya mizigo tu, yenye rimu za chuma na matairi ya tyubu. Magari yale, kwa barabara ya wakati huo, yalirudi kuvuliwa matairi kila baada ya wiki mbili. Ute haukupata nafasi ya kukauka.

"Huu ni wa malori," alinitamkia kabisa. Nilisikia. Nilidhani anasema kuhusu ndoo.

Zuhura alikuja kwetu mara ya kwanza mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeiva hadi ng'ambo ya barabara. Ni mtu wa Tanga, mtaalamu wa usingizi: ndiye anayemlaza mgonjwa kabla ya kisu na kumrudisha baada ya kisu. Alikuwa amehamishiwa hapa mjini na amekuja na gari dogo jekundu la spoti, la viti viwili, aliloliwekea akiba tangu akiwa mwanafunzi. Lilipita chini sana. Ukiwa umekaa kwenye kigoda ulionana uso kwa uso na dereva.

"Sista, abiria wa tatu anakaa wapi?" Mzee Otmari alimuuliza baada ya kuitikia shikamoo yake.

"Mzee wangu, mimi sijamhitaji hata wa pili."

Mzee alicheka hadi mapengo yote mawili yakaonekana. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki.

Siku ile tairi la nyuma kushoto lilikuwa na msumari katikati ya kashata, ile sehemu yenye meno inayokanyaga barabara. Ranfleti iliyotobolewa huzibwa kwa tahadhari: kwanza unakagua ndani. Ukikuta unga wa raba, au ukuta umechubuka kwa mzunguko, jua ilitembea bila upepo na imekwisha, mwambie mwenyewe. Lile lilikuwa safi. Nikaliziba kwa kiraka cha ndani. Wakati wa kulirudisha nikageuka kutafuta sabuni, nikaona ndoo ya ute. Nikachovya kidole, nikakisugua, nikaona unateleza ajabu. Huo ndio ulikuwa utafiti wangu wote, sampuli moja, chuoni wangenifelisha. Nikaupaka kwa ukarimu, kwenye rimu nzuri ya aluminiamu, tairi likaingia kwa mlio mmoja mtamu. Wiki hiyohiyo nikafanya vivyo hivyo kwenye gari la mfanyabiashara mmoja wa mahindi. Nilijiona mvumbuzi.

Zuhura akarudi mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Matairi yote manne yalikuwa yameisha kashata, na wakati huo mwenzake wa kituo kimoja cha afya mwambaoni, chini kule Nyasa, alikuwa likizo ya uzazi. Kila kulipotokea mama wa kufanyiwa upasuaji, na gari la kituo likiwa safarini, Zuhura alikuwa akishuka mwenyewe na gari lake. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay lami haifiki kilomita sabini, lakini ni sabini za kupinda na kuteremka, milima huku imechimbwa ngolo, mashimo yetu ya kilimo, hadi kileleni, bonde kule, na sehemu nyingi simu haishiki.

"Dada Gaudensia," aliniuliza, "nirudishe haya ya kutembea bila upepo, au ya kawaida? Maana mimi nikikwama njiani, kuna mama yuko mezani ananisubiri. Sitaki gari la kifahari. Nataka kufika."

Lilikuwa swali zito na lilistahili jibu la mtu mkweli. Nikamwambia asubiri nilivue moja kwanza.

Halikuvulika. Mashine ilisukuma, tairi likabonyea, mdomo ukabaki umeganda kwenye rimu kama ugali kwenye sufuria iliyosahaulika. Ute ulikuwa umekauka miezi saba na kuwa gundi. Nikaongeza nguvu, nikatia na chuma cha pembeni, kile cha kubandulia tairi. Mdomo ukachanika, na ncha ya chuma ikakutana na sensa ya upepo, kile kidude kilicho ndani ya rimu kinachowasha taa kwa dereva upepo ukipungua. Nikasikia ikivunjika. Ikafuata harufu, ya kahawa iliyochacha. Nilijua pale pale. Kwenye ukingo wa rimu kulikuwa na unga mweupe. Nikaupangusa kwa pindo la kitenge changu, nikaukung'uta, nikatoka nje.

Nje Zuhura alikuwa anamsimulia Mzee Otmari namna watu wanavyoongea wakiwa nusu usingizini. Mmoja alikuwa ametubu dhambi ambayo mke wake alikuwa nje ya mlango anaisikiliza. Nikawakatiza kwa mhadhara.

Nilisema ranfleti ni ngumu, na zikipiga shimo zinapasua rimu. Nilisema ikitembea bila upepo haizibiki tena, inatupwa. Nilisema ukiiagiza inatoka Dar es Salaam na unaweza kusubiri wiki tatu, wakati ya kawaida Songea ipo kesho. Nilitaja "muktadha wa miundombinu". Yote haya ni kweli, wanangu, na mnaweza kuyaandika. Uongo wangu nilikuwa nimeujenga kwa matofali mazuri sana.

"Na hilo ulilovua?" Zuhura aliuliza.

"Lilishakwisha. Lilikuja bovu tangu huko."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Mzee Otmari alinitazama, kisha akatazama kitenge changu.

Matairi ya kawaida yakaja, nikayafunga kwa sabuni. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na kugoma kuzima. Hapo ndipo nilipotenda kosa kubwa kuliko yote, kwa sentensi moja: nikamwambia hiyo taa haina kazi tena, matairi ya kawaida hayana mambo hayo. Si kweli. Sensa iko kwenye rimu, haijali umevaa tairi gani. Ingekuwa nzima ingefanya kazi. Nilikuwa nimempa tairi lisilotembea bila upepo, kwenye gari lisilo na la akiba, nikamvunjia na kile cha kumwonya. Kisha nikampungia mkono.

Kuna jambo moja tu nililofikiri nimelimaliza vizuri. Tairi lililochanika nililigawa kwa mama mmoja wa Kitura, akalikata katikati awe na hori la nguruwe wake. Ukuta wa ranfleti ni mnene, hori lilikaa imara. Nilisahau kwamba Mzee Otmari ana dada yake Kitura.

Jumatatu moja akaingia karakana na kuketi kwenye kigoda.

"Msomi, Kitura kuna nguruwe wanakulia kwenye tairi la gari la spoti."

"Wana bahati."

"Wana sisimizi pia. Nimeangalia. Hawafuati pumba. Wako juu, kwenye mdomo wa tairi, mstari mzima. Wanalamba."

"Labda lilimwagikiwa soda, baba."

"Soda." Akachukua kikombe chake cha chai. "Ya ladha gani?"

Nilisema sijui. Hakuniuliza tena, na huko kutoniuliza kulinikera zaidi ya kupigwa kelele. Nilikuwa na mwaka wa ishirini na kitu kwenye kazi, wateja waliniita fundi mkuu, na bado nilikuwa nimekana kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

Ikaja Jumamosi ya mwezi wa nne, baada ya mvua ya asubuhi. Zuhura alipita mbele ya karakana, akapiga honi, akashusha kioo.

"Nashuka Nyasa. Kuna mama, mtoto amelala vibaya. Mbasa wangapi niwaletee?"

"Wawili tu," nilimjibu. Kila safari alikuwa akituletea samaki, na gari lile zuri lilishaanza kunuka kama mwalo.

Dakika arobaini baadaye akaja yule mfanyabiashara wa mahindi. Tairi lake, alisema, linapungua upepo kila siku kidogo kidogo na haoni msumari. Nikalizamisha kwenye pipa. Mapovu hayakutoka kwenye kashata. Yalitoka ukingoni, tairi linapokutana na rimu, kama shanga ndogo zinazofuatana. Nikalivua kwa taabu. Unga mweupe. Nikaupangusa, safari hii nikapitisha kiganja na macho yamefumbwa, nikagusa vishimo, vingi, kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Ute ulikuwa umechacha na kuila aluminiamu.

Mzee Otmari alikuwa kwenye kigoda chake. Hakuinuka.

"Msimu ule ulifunga mangapi kwa ute?"

"Mawili."

"Hili moja. La pili la nani?"

Nilichukua simu nikampigia Zuhura. Haipatikani. Nikapiga tena. Alikuwa milimani, penye kona zile, na rimu yake ilikuwa na vishimo hivihivi chini ya tairi jipya nililolifunga kwa mikono yangu, na taa ya kumwonya nilimwambia haina kazi. Na chini kule kulikuwa na mwanamke nisiyemjua, mezani, na mtoto amelala vibaya, wakimsubiri mtu wa usingizi.

Nilipiga mara tisa. Mfanyabiashara akauliza kama gari lake liko tayari. Mzee akamwambia, "Kaa, baba, kunywa chai. Fundi ana kazi."

Nilimgeukia Mzee nikamwambia yote: ute, chuma cha pembeni, sensa, pipa la maji, soda. Nilisema mbele ya mteja, na bila neno "muktadha".

"Ndiyo," alisema. "Sasa mwambie mwenyewe."

"Hapatikani."

"Atapatikana."

Mnisamehe nikiwakatisha hapa niwape yale ninayoyajua, kwa sababu niliyarudia kichwani mchana ule kama rozari. Mteja akiwauliza ranfleti au ya kawaida, msimjibu kwa kutazama tairi mlilo nalo stoo, wala kwa kuogopa mashine yenu. Mwulizeni anakwenda wapi, na simu inashika wapi. Kagueni sensa. Ranfleti bila sensa ina hatari yake, kwa sababu ukuta wake mgumu unaficha kila kitu. Dereva anaweza kutembea na gurudumu tupu asijue, hadi liungue. Ya kawaida ikipungua huwa inalegea, usukani unavuta, nyuma inayumba, mwili unaambiwa. Lakini ukimpa mtu ya kawaida kwenye gari lisilo na akiba, mpe na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari na kifurushi cha kuzibia, na umfundishe kuvitumia. Msichanganye aina mbili kwenye ekseli moja. Someni tarehe ya kutengenezwa, tarakimu nne za ubavuni, hata kama muuzaji ni shemeji yenu. Na rimu ichunguzeni kabla ya tairi.

Mimi sikumpa Zuhura pampu. Hilo ndilo nililokuwa nalifikiria.

Saa tisa kasoro simu ikalia. Jina lake likawaka kwenye kioo, nami nikakaa chini kwenye matope kabla ya kupokea.

"Dada Gaudensia, kwema? Naona umenipigia mara tisa. Nilikuwa ndani, natoka sasa hivi."

"Umefika?"

"Nimefika, nimemlaza, nimemwamsha. Mtoto wa kike. Mama anaulizia uji."

Niliomba radhi. Nilianza na ute na kuishia na soda, na nadhani nililia, ingawa Mzee anasema nilikohoa. Nikamwambia asiligeuze gari, nitampelekea rimu nyingine kwa basi, asikanyage barabara na gurudumu lile.

Akaniacha nimalize. Watu wa kazi yake wanajua kusubiri mtu arudi.

"Lilipungua kweli," alisema. "Baada ya kona za katikati nyuma ikaanza kuyumba. Nikasimama, nikalijaza kwa pampu, nikaendelea. Nikasimama tena mara moja. Dakika kumi zimepotea, si zaidi."

"Pampu ipi?"

"Aliyonipa mzee. Alikuja kuniona wodini mwezi wa tatu, nikadhani anaumwa. Amebeba pampu kwenye mfuko wa rambo. Akaniambia nipime upepo kila asubuhi, na nikiwa njiani nisikilize usukani, taa nisiingoje. Nikamuuliza kuna nini. Akasema mwenye habari ataniletea mwenyewe, nisimwulize."

Nilimtazama Mzee Otmari. Alikuwa anaokota kitu kisichokuwepo kwenye suruali yake. Siku hizi hasikii vizuri na bado namfulia shati la Jumapili, na deni hilo silipunguzi.

"Nitakuagizia ranfleti manne," nilimwambia Zuhura. "Na rimu, na sensa. Kila kitu juu yangu. Nilikudanganya kwa faida yangu."

"Rimu na sensa nakubali. Ranfleti hapana."

"Kwa nini?"

"Lile la zamani, sensa ikiwa imevunjika, lisingeniambia kitu, dada. Hili lilinena. Nibakizie ya kawaida." Nikasikia mtu akimwita, na mtoto akilia kwa mbali, sauti kavu ya aliyefika leo. "Ila ukiyafunga," alisema Zuhura, "tumia sabuni."